Somo la 7: Tayari Kueleza Sababu ya Tumaini Letu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Isaya 1:18, Luka 1:1–4, Matendo 18:12–17, 26:24–28, 1 Wakorintho 15:3–20, 1 Petro 3:13–16.

Fungu la kukariri: 1 Petro 3:15.

Tuseme kijana Mwadventista wa Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, ameketi barazani na jirani yake mzee, Mwislamu, wakishona nyavu. Mzee anamwuliza bila ukali: "Mwanangu, mnajuaje kwamba Isa alisulubiwa kweli? Na kitabu chenu, mnajuaje kwamba hakikubadilishwa?" Kijana akijibu, "Sisi tunaamini tu, babu," mazungumzo yamekwisha. Akijibu kwa kejeli, ujirani nao umekwisha. Petro anatuonyesha njia iliyo bora kuliko hizo mbili.

JUMAPILI: Mungu Anatualika Tufikiri

Soma Isaya 1:18 na Matendo 26:24–26. Mungu anazungumzaje na watu waliomwasi? Paulo alimjibuje Festo alipoambiwa kwamba ana wazimu?

Mungu hakuwaita Israeli wafumbe macho. Aliwaita waje wasemezane naye. Paulo naye hakumwambia Festo kwamba imani haihitaji akili. Alisema maneno yake ni ya kweli na ya akili timamu, kisha akamwita Mfalme Agripa awe shahidi, kwa sababu mambo ya Yesu yalitendeka hadharani. Dini iliyojengwa juu ya tukio inaweza kuulizwa maswali juu ya tukio hilo. Soma pia Luka 1:1–4 uone jinsi Luka alivyofuatilia habari zake.

JUMATATU: Meli Iliyozama Rufiji

Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar. Baadaye ilijificha katika mito ya delta, nyuma ya mikoko. Tarehe 11 Julai 1915 ilishindwa na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Wajerumani waliyaokoa mizinga yake 10 na kuitumia nchi kavu.

Leo hakuna shahidi wa vita hivyo aliye hai, na mabaki ya meli yamemezwa na tope. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba Königsberg ni hadithi ya kubuni. Kwa nini? Yapo maandishi ya Wajerumani na ya Waingereza, yaani ya pande mbili zilizokuwa maadui. Vipo pia vitu vyenyewe: mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria.

Habari za Yesu nazo zina ushahidi wa namna hiyo. Tacitus, mwandishi wa Roma aliyeudharau Ukristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, wakati wa Kaisari Tiberio. Hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wakristo. Mwaka 1961 jiwe lenye jina la Pilato lilipatikana Kaisaria. Soma Matendo 18:12–17: huko Delphi, Ugiriki, yamepatikana maandishi ya mawe yanayomtaja Galio kuwa liwali, nayo yanaonyesha kwamba alikuwa Akaya karibu na mwaka 51 au 52.

JUMANNE: Mashahidi Waliokuwa Hai

Soma 1 Wakorintho 15:3–8. Ni akina nani anaowataja Paulo? Kwa nini anasema wengi wao wangali hai?

Yesu alisulubiwa yapata mwaka 31. Paulo aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, yaani baada ya miaka isiyozidi 25. Ni kama mzee wa delta ambaye mwaka 1940 angesimulia mizinga aliyoisikia mwaka 1915. Wenzake wa rika moja wangekuwapo kumsahihisha. Paulo aliandika akijua kwamba msomaji anaweza kwenda kuuliza. Tena katika fungu la 14 anakubali wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yake ni bure. Mdanganyifu haweki kazi yake yote juu ya jambo moja linaloweza kuchunguzwa.

JUMATANO: Je, Kitabu Kilibadilishwa?

Mwaka 1947 magombo ya kale yalianza kupatikana katika mapango ya Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo moja la Isaya ni la zamani kwa miaka kama 1,000 kuliko nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa hadi wakati huo. Zimo tofauti, nyingi za tahajia na za maneno madogo, lakini ujumbe ni uleule. Kwa Agano Jipya, nakala iitwayo Sinaiticus iliandikwa karne ya 4, zaidi ya miaka 200 kabla ya Uislamu kuanza, nayo inasimulia kusulubiwa kwa Yesu kama tunavyosoma leo.

Tuwe waaminifu hapa. Nakala za kale zinaonyesha kwamba maandiko yalihifadhiwa vizuri. Peke yake hazithibitishi kwamba yalivuviwa na Mungu. Tusiseme zaidi ya ushahidi, maana jirani akigundua tumetia chumvi mahali pamoja, atatilia shaka na yale ya kweli.

ALHAMISI: Kwa Upole na Heshima

Soma 1 Petro 3:13–16 na Matendo 26:27, 28.

Petro aliwaandikia watu walioteswa, lakini bado anadai upole. Angalia mpangilio wake: kwanza Kristo atukuzwe moyoni, kisha jibu litoke kinywani. Mtu anaweza kushinda hoja akampoteza jirani. Agripa aliusikia ushahidi wote kutoka kwa Paulo mwenyewe, na bado hakuamua. Sababu nzuri huondoa vizuizi njiani, lakini Roho Mtakatifu ndiye anayeushawishi moyo (Yohana 16:8).

Mkristo aliye tayari husikiliza swali hadi mwisho, hujibu analolijua, na kwa asilolijua husema, "Nitakwenda kutafuta."

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Ellen G. White alifundisha kwamba Mungu hatudai imani bila kutupa msingi wa kutosha wa kuiegemeza, lakini pia hakuondoa kila nafasi ya shaka. Anayetafuta kweli atapata pa kusimama. Anayetafuta kisingizio atakipata pia.

Maswali ya kujadili:

1. Ushahidi wa adui, kama Tacitus, una uzito gani kuliko ushahidi wa rafiki? Una upungufu gani?

2. Katika kijiji chenu, ni swali gani juu ya imani yetu linaloulizwa mara nyingi? Darasa liandae jibu fupi ambalo hata mtoto wa Shule ya Sabato anaweza kulieleza.

3. Je, maisha yako yanamfanya jirani atake kuuliza sababu ya tumaini lako? Ikiwa hakuna aliyewahi kuuliza, kwa nini?