Baraza la Kata halihukumu tena: ukitoka pale, dai karatasi

Chukulia una shamba mlimani Vugiri, wilayani Korogwe. Migomba iko juu, iliki kivulini, na mpaka wako na jirani ni mstari wa masale aliyoyapanda babu. Asubuhi moja unakuta masale matatu yameng'olewa na jembe la jirani limeingia hatua sita kwako. Unakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye anakutuma kwa mtendaji. Barua ya wito inaandikwa, na wiki haijaisha mmeshakaa kwenye benchi mbele ya baraza. Hapo jiulize kwanza: hawa walio mbele yangu sheria imewapa nguvu kiasi gani?

Wengi bado wanajibu kwa sheria iliyokwisha kubadilika. Zamani Baraza la Kata liliweza kusikiliza mgogoro wa ardhi na kuuamua, mradi thamani ya ardhi isizidi shilingi milioni 3. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaani Sheria Na. 5 ya mwaka huo, yaliliondolea uwezo huo. Sasa kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu. Haliwezi kutamka kwamba shamba ni la fulani, wala kuamuru mtu ahame au alipe fidia. Lakini huku vijijini mtu bado anatoka barazani na karatasi yenye muhuri anayoiita "hukumu", na aliyeshindwa anang'oa migomba yake kwa hofu. Kama karatasi hiyo ni ya baada ya mabadiliko hayo, haikung'oi. (Iliyotolewa wakati baraza lilipokuwa na mamlaka ni habari nyingine; hiyo ipeleke kwa mwanasheria aisome.)

Tuanzie chini. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo watu hulichanganya na serikali ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Majina yanapendekezwa na halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji unayapitisha. Mtendaji peke yake ofisini si baraza. Mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili chini ya mti si baraza pia, ingawa hakuna ubaya wakiwapatanisha nanyi mkaridhika. Mimi ningeanzia hapa kila mara, kwa sababu wajumbe hawa wanaujua mlima: wanajua nani alipanda yale masale na bonde lile lilikuwa la ukoo upi. Usiporidhika na walichoona, hulazimiki kukikubali.

Baraza la Kata ni tofauti kidogo, kwa kuwa kulipitia ni sharti. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri lako mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa maandishi kwamba limejaribu kuwasuluhisha na limeshindwa. Karatasi hiyo ndiyo ya kudai. Mawakili hawaruhusiwi kusimama kama mawakili mbele ya baraza hili, kwa hiyo jirani mwenye fedha hatakuja na mtu wa kukuzidi maneno.

Mkipatana, mambo yaandikwe siku hiyo hiyo, kabla pombe ya upatanisho haijamiminwa. Mpaka uelezwe kwa vitu vinavyoonekana: kutoka jiwe lipi hadi mti upi, hatua ngapi. Pande zote mbili zitie saini, mashahidi pia, na kila upande ubaki na nakala. Usiweke dole gumba kwenye maandishi ambayo hujasomewa na mtu unayemwamini. Ukiombwa fedha yoyote, omba stakabadhi. Ombi hilo tu mara nyingi hufuta deni.

Yasiyo ya shamba yana milango yake. Mfanyakazi wa shamba la chai aliyeachishwa kazi asipoteze muda barazani: mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo halali. Malalamiko mengine ya kazi yana siku 60. Hapo pia usuluhishi hutangulia, na uamuzi hufuata ukishindikana. Wanandoa wanaotaka talaka ya mahakama, kwa kawaida Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wapite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na hati ya kushindikana isiwe na zaidi ya miezi sita siku ya kufungua shauri. Deni la kikoba au la mnunuzi wa iliki aliyetoweka na fedha mnaweza kulimaliza mbele ya wazee. Likishindikana, Mahakama ya Mwanzo ipo.

Jambo moja halina usuluhishi. Mtoto au mwanamke akibakwa, ng'ombe wa fidia na kikao cha wajomba havimalizi chochote. Hilo ni la polisi, na anayelifunika anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe.

Turudi kwenye masale. Huenda baraza likawazungusha: leo akidi haikutimia, kesho mwenyekiti kaenda Korogwe mjini, keshokutwa mvua imekata njia ya mlimani. Sheria imeliona hilo. Siku 30 zikipita bila mgogoro kusuluhishwa, unaruhusiwa kwenda Baraza la Wilaya bila ile karatasi. Siku hizo zinahesabiwa tangu ulipofungua lalamiko, si tangu kikao cha kwanza. Kwa hiyo peleka lalamiko kwa maandishi, nakala mbili, na hiyo moja utakayorudi nayo nyumbani igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.