Mnyime Kunguru Riziki: Mbinu za Kumpunguza Mtaani Kwako

Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu hana maisha porini. Anaishi kwa watu, anakula kwa watu, anazaa kwa watu. Waingereza walipomleta Zanzibar miaka ya 1890 walimpa kazi moja: kula taka za mji. Taka hazikuisha, yeye akaongezeka. Kufikia mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa, na leo ametanda pwani ya Kenya na Tanzania.

Hasara yake unaijua. Ananyakua vifaranga, anadonoa mapapai, anaiba mayai, anadondosha mifupa na uchafu juu ya paa. Makinda ya ndege wetu wa asili anayamaliza yakiwa kiotani.

Habari njema ni kwamba anakutegemea wewe. Kwa hiyo wewe ndiye unayeweza kumbana. Fuata mpangilio huu: chakula kwanza, kiota pili, mtego mwisho. Ukianza na mtego utachoka bure, kwa sababu kila utakayemwondoa, mwenzake atakuja kula palepale.

Mtambue kabla hujamgusa

Kunguru mgeni, ambaye Mombasa na Malindi wanamwita kurabu, ni mwembamba. Mwili ni mweusi unaong'aa, shingo na kifua vina rangi ya kijivu. Hana doa jeupe popote.

Kunguru wetu wa asili ni mkubwa kidogo na ana weupe unaoonekana wazi kifuani na shingoni. Huyo mwache. Ni mwenyeji, na mgeni amemfukuza sehemu nyingi. Wafundishe watoto tofauti hii kabla hawajaokota manati.

Funika taka, na uzitoe asubuhi

Tumia ndoo yenye mfuniko unaobana. Mfuko peke yake haufai: kunguru anautoboa kwa mdomo, anavuta utumbo wa samaki, na dakika chache baadaye kundi zima limeshatua.

Usitoe taka usiku zikasubiri gari. Kunguru huamka alfajiri, gari la taka huja baadaye. Toa taka gari likifika.

Kama mtaa wenu una jalala la wazi, likalieni kikao. Ombeni kontena lenye mfuniko. Likichelewa, fukieni mabaki ya chakula kila jioni kwa udongo wa kutosha. Nyumba kumi zenye ndoo safi hazifui dafu mbele ya jalala moja lililo wazi.

Samaki na nyama: hapa ndipo shughuli ilipo

Unapaa samaki? Weka ndoo yenye mfuniko miguuni pako. Matumbo, magamba na mashavu yaingie humo moja kwa moja. Ukiyatupa chini kwa nia ya kufagia baadaye, umeshawalisha kunguru.

Una bucha au banda la chipsi? Mifupa na mabaki yasikae nje hata kwa nusu saa. Mama lishe, tenga ndoo moja ya makombo na umpe mfugaji wa nguruwe au bata aichukue kila siku. Makombo yanapata mlaji, na kunguru anakosa.

Wanaokaa karibu na soko la samaki, iwe Feri, Darajani au Kongowea, wauongoze mpango huu. Soko likisafishwa jioni, mitaa yote ya jirani inapumua.

Lisha mifugo kwa saa

Pumba na mtama uliomwagwa uani kutwa nzima ni karamu ya kunguru. Lisha kuku ndani ya banda, asubuhi na jioni. Wakishiba, ondoa chombo. Chakula cha mbwa na paka vivyo hivyo.

Funika tangi la maji na uzibe bomba linalovuja. Kunguru hupenda kulowesha chakula kigumu ndani ya maji kabla ya kukila, na hayo maji ndiyo unayochota.

Linda vifaranga kwa wiki za mwanzo

Kunguru huwinda wawiliwawili. Mmoja anatua mbele ya mama kuku na kumchokoza. Mama akimfukuza, wa pili anatokea nyuma na kuondoka na kifaranga. Mama kuku peke yake hawawezi.

Wafunike vifaranga kwa tenga, au wajengee uzio mdogo na uufunike juu kwa wavu wa zamani wa kuvulia. Wakae humo mpaka wameota manyoya vizuri na kupata mwili. Kuku wa mayai wawekee viota vya kutagia ndani, penye kivuli, na uokote mayai mara mbili kwa siku.

Kagua miti kila wiki mbili

Ukiona kunguru anapita na kijiti au kipande cha waya mdomoni, mfuate kwa macho. Anakuonyesha anakojenga. Angalia mwembe, mwarobaini, mkungu, minara na nguzo za umeme.

Jike hutaga mayai matatu hadi matano ya rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, yenye madoa ya kahawia. Huyaatamia zaidi ya wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki tatu hadi nne. Ndiyo maana ukaguzi wa kila wiki mbili unatosha: hakuna kinda litakalowahi kuruka kabla hujarudi.

Kabla ya kuangusha kiota, kaa chini usubiri mwenye nyumba arudi. Hakikisha ni yule wa shingo ya kijivu. Kisha tumia upembo mrefu. Vaa helmeti ya bodaboda, maana wazazi watakushukia kichwani. Mmoja awe juu, mwingine ashike ngazi.

Okota waya na vijiti vilivyoanguka uvipeleke mbali. Ukiviacha, kiota kipya kitajengwa kwa vifaa vilevile. Watajenga tena, nawe utarudi tena. Wanaochoka kwanza wawe wao.

Kiota kikiwa kwenye nguzo ya umeme, usikiguse. Kina waya ndani yake. Piga simu TANESCO, ZECO au Kenya Power, waje wenyewe.

Mtego: utegeni kwa pamoja na kwa kibali

Mtego unaofaa ni chumba cha wavu wa chuma chenye fremu ya mbao. Urefu mita tatu hivi, kimo cha kumwezesha mtu kuingia kupitia mlango mdogo. Juu, katikati ya paa, acha mwanya mwembamba wenye vipandio kama ngazi iliyolazwa. Kunguru hukunja mbawa na kudondoka ndani. Kutoka kunamshinda, kwa sababu akiruka lazima atandaze mbawa, na mwanya haumtoshi.

Nendeni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kenya, nendeni kwa shirika la wanyamapori, KWS. Watawaambia pa kuuweka mtego na nani atawaondoa ndege waliokamatwa bila kuwatesa.

Chambo ni utumbo wa samaki au mabaki ya nyama. Siku za mwanzo kamateni mmoja au wawili na kuwaacha ndani wawe wavutaji. Wenzao wakiona kunguru anakula kwa raha, watashuka. Hao wavutaji wapewe maji, chakula na kivuli kila siku. Ni viumbe hai, na mtego wenye ndege mgonjwa hauvutii wenzake.

Toeni ndege giza likishaingia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake: wenzao wakiona mmoja anashikwa, watapiga kelele, na kundi zima litaususa mtego. Ndege mwingine yeyote akiingia, mwachieni mara moja. Siku isipite bila mtego kukaguliwa.

Sumu achana nayo

Usitege sumu ya panya wala dawa ya shambani. Paka wa jirani atakula, kuku watakula, mwewe atakula mzoga, na mtoto anaweza kuokota chambo.

Ipo dawa iitwayo Starlicide iliyowahi kutumika dhidi ya kunguru hawa, na KWS iliitaja mwaka 2024 ilipotangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye kibali, si ya duka la pembejeo. Kampeni ikifika kwenu, fungieni kuku na paka siku hiyo. Kunguru aliyekufa msimshike kwa mkono mtupu. Mchukueni kwa koleo, mfukieni.

Uko bara? Wewe ndiye ukuta

Kunguru huyu husafiri na watu. Anapanda meli, anafuata barabara kuu, anahama kutoka mji hadi mji kwa kufuata dampo na mikahawa ya njiani. Tayari ameonekana Morogoro, na upande wa Kenya amefika Voi.

Kama mji wenu haujamzoea, ukiona hata wawili, usingoje wawe kundi. Piga picha inayoonyesha shingo. Andika mahali na tarehe. Peleka kwa afisa wanyamapori siku hiyohiyo. Wawili wanaondolewa kwa wiki moja. Elfu mbili ni kazi ya miaka.

Madereva na mabaharia, msiwalishe vituoni wala melini. Ukimwona kunguru ametua juu ya mzigo, mfukuze kabla hujang'oa nanga.

Hesabu, usikisie

Jioni, kabla ya magharibi, kunguru hupita kwa makundi kwenda kulala kwenye miti yao. Chagua sehemu moja ya kusimama na siku moja ya mwezi. Hesabu wanaopita kwa nusu saa na uandike kwenye daftari.

Idadi ikishuka, wape majirani habari, wataongeza bidii. Isiposhuka, tafuteni chakula kinakotoka. Mara nyingi ni sehemu moja tu iliyosahaulika: machinjio, hoteli, shule yenye jiko la nje.

Wiki hii fanya hivi

Leo, nunua mfuniko wa ndoo. Kesho, hamishia chakula cha kuku bandani. Jumamosi, zunguka na majirani wawili mkahesabu viota mtaani. Jumapili, pelekeni hesabu hiyo kwa mjumbe na muombe kikao kuhusu jalala na mtego.

Msifanye kwa wiki moja mkaacha. Kunguru hurudi penye chakula, na hatarudi pasipo na chakula. Shikeni hilo kwa mwaka mzima, mtaa mzima, na mtaanza kusikia tena chiriku na shorewanda asubuhi.