Jembe Si Aibu: Somo la Bustani ya Nyumbani kwa Anayeanza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika Sura ya Abasa Mwenyezi Mungu amemwamrisha mwanadamu akitazame chakula chake: jinsi maji yalivyomiminwa kutoka juu, ardhi ikapasuka, kisha zikaoteshwa humo nafaka na mizabibu, mboga na mizaituni na mitende. Wengi wetu twaisoma sura hii kwa tajwidi nzuri, lakini ni wachache wanaoukumbuka wanapokaa mbele ya sahani. Mtoto wa mjini ukimuuliza mchicha watoka wapi, atakwambia watoka sokoni. Hapo ndipo ilmu yake ikomeapo, na kosa si lake.

Jambo hili si dogo, ndugu zetu. Sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa Mombasa huja kwa malori kutoka bara, hushushwa Kongowea, hupita mikono ya wachuuzi, ndipo zikafika jikoni. Njia ikiharibika kwa mvua, au mafuta ya gari yakipanda bei, mama wa nyumba huijua habari hiyo pale pale kwenye fungu la mchicha. Wala hatujasahau mwezi wa Mei mwaka 2020, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, watu wasiingie wala wasitoke. Siku zile mwenye akili alijiuliza: likikosekana soko, mna nini uani mwangu?

Basi darasa yetu hii ni jibu la swali hilo. Hatusemi kwamba ua mdogo utailisha nyumba nzima. Asemaye hivyo ahadaa watu. Twasema kwamba nyumba iwezayo kupata kitoweo cha majani mara mbili au tatu kwa juma kutoka mlangoni pake imepunguza matumizi yake, imepunguza deni lake dukani, na imewafundisha watoto wake kazi.

Kwanza: kuondoa dharau

Miaka mingi kazi ya shamba katika pwani yetu ilitupiwa watumwa. Utumwa ulipokoma kisheria hapa mwaka 1907, watumwa waliachwa huru, lakini dharau ya jembe haikutoka vifuani mwa watu. Hata leo yuko kijana asiye na kazi wala chumo aonaye haya kuonekana na udongo mikononi, wala haoni haya kumwomba mamake fedha za chai.

Dharau hii haina asili katika dini. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa hapana chakula bora kuliko alacho mtu kwa kazi ya mkono wake, akamtolea mfano Nabii Daudi (A.S.), ambaye alikuwa Mtume na mfalme, naye akila kwa kazi ya mikono yake. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Muislamu apandapo mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ansari wa Madina walikuwa watu wa mashamba ya mitende. Ni nani kati yetu aliye mtukufu kuliko wao?

Pili: kuanza kwa kidogo

Anayeanza asilime ua mzima. Na aanze na tuta moja, urefu wa hatua tatu na upana wa hatua moja, ili mkono ufike katikati bila ya kukanyaga udongo. Asiye na ua na atumie madebe, makarai yaliyotoboka au magunia, ayaweke darini au barazani penye jua la saa sita kwa uchache. Kila chombo kitobolewe matundu chini, maana maji yakisimama mizizi huoza. Chombo kilichotiwa rangi au dawa ya sumu kisitumiwe kabisa.

Wakati mwema wa kuanza ni mvua ya masika inaposhika, mwezi wa Aprili, au vuli, Oktoba na Novemba. Mvua za mwezi wa Mei kwetu ni kubwa, basi tuta liinuliwe kiganja kimoja lisizame.

Tatu: udongo na samadi

Udongo wa pwani yetu mwingi ni mchanga au ni wa mawe ya matumbawe. Hauzuii maji wala hauna nguvu. Dawa yake ni samadi na majani yaliyooza. Chukua sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi, uchanganye vizuri. Samadi mbichi huunguza miche. Iache miezi miwili au mitatu mpaka iwe nyeusi, ivunjike mkononi kama udongo, wala isinuke.

Hapa huulizwa: samadi si najisi? Naam, katika madhehebu ya Imamu Shafii mavi ya wanyama ni najisi, hata ya mbuzi na ng'ombe. Lakini wanazuoni wameruhusu kutilia ardhi samadi, na mmea uliooteshwa nayo si najisi kwa dhati yake. Sehemu iliyoguswa na samadi huoshwa, ikatoharika. Ama kuiuza samadi yenyewe, biashara hiyo haisihi katika madhehebu yetu. Fedha na zitolewe kuwa ni ujira wa kuikusanya na kuileta, au mwenye samadi aachilie haki yake kwa kupewa kitu. Afanyaye kazi na aoshe mikono na nguo kabla ya Sala.

Nne: maji

Visima vingi vya kisiwani Mombasa vina chumvi. Yaonje maji kabla ya kumwagilia. Maharagwe hayastahimili chumvi. Mchicha hustahimili zaidi. Mbegu zinapoota zipewe maji matamu, na mvua ikinyesha ikingwe kwa mapipa yaliyofunikwa ili mbu wasizae humo. Ukiona weupe wa chumvi juu ya udongo, mwagilia maji matamu mengi kwa mara moja yaiteremshe chini.

Katika kila nyumba ya Waislamu pana maji yapoteayo mara tano kwa siku, nayo ni maji ya udhu. Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ingawa hayafai kutawadhia tena, mmea hauyakatai. Weka karai chini, uyakinge, uyapeleke bustanini. Mwagilia asubuhi mapema au baada ya Alasiri, kwenye shina, kisha ufunike udongo kwa majani makavu au makumbi ya nazi ili jua lisiukaushe.

Tano: cha kupanda

Mchicha ndio mwalimu wa anayeanza. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga, uzimwage kwa mistari, uzifunike kwa udongo mwembamba. Baada ya wiki tatu au nne waweza kuanza kuvuna. Usiung'oe wote, kata kichwa, uache shina litoe matawi. Kunde hutiwa mbegu mbili kila shimo, majani yake yaliwa na punje zake zaliwa. Mabamia rowesha mbegu usiku mmoja. Huanza kuvunwa baada ya miezi miwili hivi, na yachumwe machanga. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina, bila ya mbegu. Ukipata nafasi, ongeza pilipili, kotmiri katika kivuli chepesi, na mpapai mmoja pembeni.

Wadudu wakiingia, twanga majani ya mwarobaini, uyaloweke usiku kucha, uchuje, utie sabuni kidogo, unyunyize jioni. Mboga na ioshwe sana kabla ya kupikwa.

Sita: haki za watu

Bustani isiwe mlango wa dhuluma. Usipande katika ardhi ya wakfu, wala makaburini, wala katika kiwanja cha mtu bila ya idhini, hata kikiwa kitupu. Maji yako yasimdondokee jirani. Mbuzi wa jirani akila mchicha wako, zungumzeni kwa wema, kisha uweke ua. Kumbuka kwamba kilicholiwa na mnyama kimeandikwa sadaka. Na imepokewa katika Muslim kwamba Abu Dharr (R.A.) aliusiwa na Mtume (S.A.W.) anapopika mchuzi auzidishe maji ili awapatie majirani. Fungu la kwanza la mchicha wako na livuke ukuta.

Mboga hazina zaka katika madhehebu yetu. Lakini kukosekana kwa zaka hakufungi mlango wa sadaka.

Mwisho twawaambia wenzetu wa darasa: msilifanye somo hili kuwa maneno ya kusikilizwa tu. Amepokea Imamu Ahmad kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye mche mkononi aupande, hata kama Kiyama kimesimama, iwapo aweza. Ikiwa saa ile haikuwa udhuru, haya ya macho ya watu itakuwaje udhuru?

Maswali ya kuzungumzwa darasani

1. Ni hukumu gani ya mmea uliotiliwa samadi, na ni lipi huoshwa?
2. Kwa nini maji ya udhu wa faradhi yafaa kumwagilia, wala hayafai kutawadhia tena?
3. Nyumbani kwako pana mahali gani penye jua la saa sita, na nani atasimamia kumwagilia?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika chumo la halali na mikono isiyoona haya kazi. Amin.