Suruali ya shule, chumvi, na sufuria isiyopikiwa bugali

Magoti ndiyo huanza. Suruali iliyonunuliwa Septemba ikiwa buluu iliyoiva huwa ya kijivu magotini kabla ya Pasaka, kisha rangi inatoroka matakoni, halafu kwenye midomo ya mifuko. Ukishika kitambaa na kukivuta kwa mikono miwili, bado kinagoma. Nguo nzima, rangi imekwenda. Na kwa kuwa wanafunzi wa Kongo huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, kila mwaka kuna suruali nyingi za namna hiyo zinazotupwa au kukatwa matambara kabla ya siku zake.

Katanika, pembezoni mwa Kalemie, ni mahali ambapo suruali haitupwi hivi hivi. Familia nyingi zilizokimbia mapigano ya Watwa na Waluba miaka ya 2016 na 2017 zilipiga kambi hapa, na wengi walifika na nguo walizovaa tu. Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bure. Karo iliondoka, sare haikuondoka. Kaka akishaikulia suruali inamshukia mdogo wake, na mdogo naye ana macho: hataki kwenda shule na magoti ya kijivu. Ndipo nilipojifunza kutia rangi, kwa ajili ya suruali mbili na sketi moja, juu ya mbabula ya makaa.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilinunua pakiti ya unga wa rangi, nikachemsha maji, nikatumbukiza suruali kama ilivyotoka kwenye kamba. Ilitoka na madoa kama ramani ya visiwa: hapa buluu nzito, pale buluu ya maziwa, na pajani duara moja lililokataa rangi kabisa. Nililaumu pakiti. Pakiti haikuwa na kosa. Lile duara lilikuwa mafuta ya mawese yaliyomwagika zamani na kufuliwa nusu nusu, na yale mengine yalikuwa ya sabuni.

Hapa ziwa lenyewe linahusika. Maji ya Tanganyika yana magnesi nyingi, tena yana asili ya magadi. Kipande cha sabuni kikikutana na maji ya namna hiyo, sehemu ya sabuni haitoi povu. Inageuka utando mweupe unaonata, ule unaouona ukingoni mwa beseni. Utando huo hubaki pia ndani ya nyuzi, na rangi haiupenyi. Kwa hiyo nguo inayongojea rangi ifuliwe kwa sabuni ya unga, ambayo haifanyi utando huo, katika maji ya moto, isuguliwe kwenye kola, makwapa na mapaja, kisha isuuzwe mpaka maji yasiteleze tena vidoleni. Usiikaushe. Nguo iingie kwenye rangi ikiwa mbichi, maana iliyo kavu hunywa rangi kwa pupa upande unaotangulia kuzama.

Kabla ya hapo, kuna kazi ya dakika moja ambayo ingeniokolea pesa kama ningeijua. Ng'oa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba unawaka kama karatasi, unanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake yanapukutika vidoleni. Uzi wa tetroni, yaani poliesta, unajikunja, unayeyuka, unaacha kidonge kigumu cheusi. Rangi ya kuchemsha nyumbani hushika pamba. Tetroni haiishiki, hata ukichemsha mpaka jioni. Sare nyingi zimefumwa kwa mchanganyiko wa vyote viwili, na uzi wake hufanya yote mawili: unawaka na kuacha kidonge. Mchanganyiko huo unakubali rangi nusu, kwa hiyo ukitaka buluu ya usiku, nunua rangi iliyoiva kuliko unayoitaka. Nyuzi za mshono nazo mara nyingi ni tetroni tupu. Zitabaki na rangi yake ya zamani, na fundi hawezi kuzificha.

Chombo kiwe kipana. Nusu kilo ya nguo, yaani suruali mbili za mtoto, inataka lita 10 za maji ili iogelee. Ikibanana, mikunjo inabaki myeupe. Unga wa rangi ukoroge kwanza pembeni kwenye kikombe cha maji ya moto, ukipitisha kwenye kitambaa chepesi, maana chembe moja isiyoyeyuka itakuwekea tone jeusi kwenye paja na halitoki. Funga mdomo na pua kwa leso unapomimina unga. Vumbi lake si la kuvutwa na mtu, sembuse mtoto anayechungulia. Maji yakifika karibu na kuchemka, weka nguo, geuza kwa kijiti bila kupumzika dakika 10 za mwanzo. Hizo ndizo zinazoamua kama rangi itakaa sawasawa.

Kisha chumvi.

Watu wengi hudhani chumvi ni ya kufungia rangi mwishoni, na utaona mtu amelowesha nguo iliyokwisha kutiwa rangi kwenye ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha. Anapoteza chumvi yake. Kazi ya chumvi iko ndani ya sufuria. Pamba iliyolowa ina chaji hasi, na rangi hizi zilizoyeyuka nazo zina chaji hasi. Vitu viwili vya namna moja husukumana. Chumvi huvunja ule ugomvi, na rangi inaacha maji na kukimbilia kwenye uzi. Kwa nusu kilo ya nguo mimi hutia gramu 150 hivi, vijiko 10 vya kulia chakula, kwa mikupuo miwili: nusu baada ya robo saa, nusu baada ya robo saa nyingine. Ukiimwaga yote mwanzoni rangi inarukia kitambaa mara moja na kukupa ramani ile ile ya visiwa. Siki nayo, inayosifiwa sana, husaidia sufu, hariri na nailoni. Kwa pamba haina kazi.

Namna hii ya kutia pamba rangi kwa maji moto na chumvi, bila dawa ya kushikizia, ina jina la nchi hii ndani yake, jambo ambalo lilinishangaza. Mwaka 1883 mkemia Mjerumani Paul Böttiger, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Bayer, alipata rangi nyekundu iliyoshika pamba moja kwa moja. Kabla yake pamba ilihitaji kwanza kuloweshwa kwenye madini ili ikubali rangi nyingi. Böttiger aliisajili kwa jina lake mwenyewe na kuiuza kwa kampuni ya AGFA ya Berlin. Huo ulikuwa wakati wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambako mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigombea Kongo, na jina la Kongo lilikuwa kwenye kila gazeti. AGFA wakaipa rangi yao jina hilo: nyekundu ya Kongo. Haikutengenezwa Kongo wala kutokana na kitu chochote cha Kongo. Baadaye ilionekana kuwa ina sumu na ikaachwa kwenye nguo, lakini rangi nyingi za kuchemsha zilizofuata ni za ukoo ule ule.

Buluu nayo ni ya zamani kwenye mwambao huu. Katika karne ya 19, misafara iliyovuka kutoka Ujiji ilibeba kaniki, pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi, pamoja na merikani ambayo haikutiwa rangi kabisa. Na wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa bado Albertville, palikuwa na kiwanda kikubwa cha kusokota na kufuma pamba, Filtisaf. Mashine zilinyamaza, jina limebaki midomoni mwa watu wa Kalemie. Leo nguo nyingi zinafika kwa marobota ya mitumba, ile ambayo kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, Bujumbura, wanaiita chagua.

Turudi kwenye mbabula. Baada ya chumvi ya pili, acha nguo kwenye joto dogo nusu saa, ukigeuza mara kwa mara. Usiihukumu kwa macho wakati imelowa: nguo mbichi huonekana imeiva zaidi kuliko itakavyokuwa ikikauka. Epua, iache ipoe humo humo, maana ukiitoa moto na kuitupa kwenye maji baridi inakunjamana na mikunjo haitoki kwa pasi. Kisha suuza.

Na hapa ndipo gharama ilipo. Pakiti ya rangi ni pesa ya mara moja. Maji ni shughuli ya kichwani. Mimi nilihesabu: lita 20 za kufulia, 10 za sufuria, 40 za kusuuza. Ni bidoni tatu na nusu kwa suruali mbili, na anayejua foleni ya bombani hahitaji kuelezwa. Kalemie ni mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, kwa hiyo maji yaliyotiwa dawa yaachwe kwa ajili ya kunywa na kupikia. Ya ziwani yanatosha kwa kusuuza. Suuza kwa maji kidogo mara nyingi kuliko kwa beseni lililojaa mara mbili, na yale ya mwisho, yanayokaribia kuwa safi, yatumie kusuuzia kwanza nguo inayofuata.

Sufuria nayo bado ina rangi. Tumbukiza humo fulana ya pamba iliyopauka, itatoka na buluu ya mawingu. Lakini kumbuka kuwa rangi hujumlishwa, haifuti ya zamani: buluu juu ya njano inaleta kijani, nyekundu juu ya buluu inaleta zambarau chafu, na kikwembe chenye maua kitabaki na maua yake, ila yamezama gizani. Vikwembe na vitenge mimi siviingizi kwenye sufuria. Uzuri wake ni ile michoro, na ukishaizamisha unabaki na kitambaa kisicho na jina.

Maji ya rangi yaliyobaki sufuriani yamwage kwenye shimo, mbali na kisima na mbali na tuta la lengalenga. Chumvi ile inakausha mboga. Sufuria, hata uisugue kwa mchanga mpaka ing'ae, haipikiwi tena bugali. Yangu nimeitoboa ukingoni kwa msumari na kuifunga waya, ili asiyejua aone waya aulize.

Nguo ianikwe kivulini, ndani nje, kwenye kamba, wala si juu ya bati wala vichakani. Jua la mchana nalo lilichangia kuila rangi ya kwanza, na litaila ya pili vile vile. Ukiitunza hivyo inaweza kukaa mwaka wa masomo, magotini ikitangulia tena kupauka.

Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Ukikusudia kufanya kazi hii, ifanye Agosti, kiangazi kikiwa bado kinakausha nguo upesi hata kivulini. Suruali iliyotoka kwenye rangi huchuja kidogo kwa mafuo matatu ya kwanza, na katika mafuo hayo lazima iwe peke yake kwenye beseni, mbali na shati jeupe.