Fedha za Televisheni na Mpenzi wa Kawaida wa Mpira

Hakuna jambo linalozungumzwa zaidi katika mabweni yetu siku ya Jumamosi usiku kuliko mpira wa Uingereza. Hata mwanafunzi asiyeweza kutaja mito mitatu ya nchi hii aweza kukutajia wachezaji 11 wa Arsenal pamoja na wale wa akiba. Lakini ni wachache wanaojiuliza fedha zinazoendesha mchezo ule zatoka wapi, na ni nani aliyepata na ni nani aliyepoteza. Kwa kuwa mwaka huu nimesoma habari hizo katika maktaba yetu, nimeona yafaa niwaeleze wanafunzi wenzangu, pamoja na ninyi kaka zetu mliokwisha maliza masomo hapa. Nitaeleza kwanza mambo yalivyokuwa zamani, kisha yalivyogeuka, kisha hasara na faida zake, na mwisho jinsi jambo hili linavyotuhusu sisi.

Zamani: fedha za mlangoni

Ligi ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1888 kwa klabu 12. Kwa muda wa karibu miaka mia moja riziki ya klabu ilikuwa mlangoni. Wafanyakazi wa viwanda na wa migodi walimaliza kazi Jumamosi adhuhuri, wakala, wakaenda uwanjani, na mchezo ukaanza saa 9 alasiri. Saa hiyo haikupangwa na mtu wa televisheni, bali ilifuata maisha ya mfanyakazi. Watu wengi walisimama, maana mahali pa kusimama palikuwa na bei ndogo. Haba na haba hujaza kibaba: fedha hizo ndogo ndogo ndizo zilizolipa mishahara ya wachezaji, ambao mpaka Januari 1961 hawakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma. Tena timu ngeni ilipewa sehemu ya kiingilio, ili klabu ndogo nayo ipate. Desturi hiyo ilikomeshwa katika ligi mwaka 1983.

Tuangalie maana yake. Watu wasipokuja, klabu haina fedha. Kwa hiyo mtu wa kawaida alikuwa na nguvu, ingawa hakuwa na hisa wala kiti katika halmashauri ya klabu.

Wakubwa wa mpira wa siku zile waliiogopa televisheni. Tarehe 10 Septemba 1960 mchezo wa ligi kati ya Blackpool na Bolton Wanderers ulionyeshwa ukiwa unachezwa, lakini mapatano yale yalivunjika upesi. Tangu tarehe 22 Agosti 1964 shirika la BBC lilianza kuonyesha, usiku wa Jumamosi, sehemu za mchezo uliokwisha kuchezwa. Kadhalika ikawekwa kanuni ambayo ingali inafuatwa: siku ya Jumamosi, tangu saa 8.45 mchana hadi saa 11.15 jioni, hairuhusiwi kuonyesha katika televisheni za Uingereza mpira unaochezwa wakati huo. Sababu yake ni kwamba watu wakikaa nyumbani kutazama klabu kubwa, klabu ndogo ya mji wao itacheza mbele ya viti vitupu. Msomaji, naomba uikumbuke kanuni hii, kwa maana nitairudia.

Mageuzi ya 1992

Mwaka 1992 klabu 22 za daraja la juu zilijitenga zikaunda ligi yao, iitwayo Premier League, ili fedha za televisheni ziwe zao wenyewe. Mkataba wao wa kwanza, ambao sehemu kubwa ilikuwa ya kampuni ya setilaiti ya BSkyB, ulikuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Watu wengi walishangaa. Lakini mkataba ulioanza mwaka 2025, wa miaka 4, ni wa pauni bilioni 6.7, nao ni wa Uingereza peke yake. Tukigawanya kwa miaka, twaona kwamba fedha za mwaka mmoja zimeongezeka zaidi ya mara 27. Na tangu 2022 fedha zinazotoka nchi za ng'ambo zimezizidi hata zile za nyumbani.

Hapo ndipo nguvu ilipohama. Klabu ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa mtu aliye mbali haimwogopi sana mtu aliye mlangoni.

Hasara zake

Kwanza ni bei. Tarehe 15 Aprili 1989 watu wa Liverpool walisongamana katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na waliokufa kwa msiba ule ni 97. Jaji Taylor aliyechunguza jambo hilo alishauri mwaka 1990 kwamba viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu, pasiwe na mahali pa kusimama. Alifikiri kwamba bei haitapanda mno, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Lakini klabu hazikufuata mfano huo. Mwaka 2016 klabu ya Liverpool ilitangaza kwamba viti vya bei ya juu katika jukwaa lake jipya vitauzwa pauni 77. Bila shaka shilingi na pauni zote zimepungua thamani tangu 1990, lakini hazikupungua kiasi hicho. Baba aliyekuwa akienda na wanawe wawili kila juma alianza kwenda mara moja moja, au asiende kabisa.

Pili ni saa. Mchezo wa zamani ulikuwa Jumamosi saa 9 alasiri. Siku hizi mchezo waweza kuwekwa Ijumaa usiku, Jumapili, au Jumatatu saa 2 usiku, kama televisheni ipendavyo. Mtu wa Newcastle anayeifuata timu yake London, safari ya karibu kilometa 450, akitoka uwanjani Jumatatu usiku hawezi kufika kwake kabla ya usiku wa manane, na kesho yake ana kazi. Aliyepanga mchezo ule hakumfikiria yeye. Alimfikiria aliyeketi sebuleni.

Tatu, hata yule wa sebuleni hulipa, maana ni lazima atoe ada ya kila mwezi, na pengine kwa kampuni mbili, kwa sababu michezo imegawanywa.

Nne, klabu ndogo zilijifunza kutegemea fedha zisizo na mizizi. Kampuni ya ITV Digital iliziahidi klabu za madaraja ya chini pauni milioni 315 kwa miaka 3. Klabu zikaajiri wachezaji kwa fedha ambazo zilikuwa hazijafika. Mwaka 2002 kampuni ikaanguka, huku ikidaiwa zaidi ya pauni milioni 178, na klabu kadhaa zikashindwa kulipa madeni yao. Wazee wetu walisema vema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Faida zake

Haifai kusema upande mmoja tu. Viwanja vya leo ni salama kuliko vile vya 1989, na fedha za televisheni zilisaidia sana kuvijenga. Tangu Januari 2022 klabu nyingine zimeruhusiwa tena kuwa na mahali pa kusimama, palipowekwa vyuma vya kuzuia msongamano. Wachezaji hodari wa dunia nzima hukusanyika pale, na miongoni mwao wamo ndugu zetu: Victor Wanyama wa Kenya alianza kuichezea Southampton mwaka 2013, na Mbwana Samatta wa Tanzania aliingia Aston Villa Januari 2020. Tena bila setilaiti mimi nisingeliona mchezo hata mmoja wa ligi ile, wala wewe msomaji. Mtu wa Liverpool akilalamika kwamba ameondolewa kiti chake, yafaa tukumbuke kwamba sisi hatukuwa na kiti kamwe.

Nguvu iliyobaki

Je, mpenzi wa kawaida amekuwa si kitu? Nadhani sivyo, na ushahidi uko.

Tarehe 6 Februari 2016, siku chache baada ya kutangazwa ile bei ya pauni 77, Liverpool ilikuwa ikicheza na Sunderland, nayo ilikuwa mbele kwa mabao 2 kwa 0. Ilipofika dakika ya 77, watu wapatao 10,000 waliondoka wakaenda zao. Sunderland ikasawazisha, mchezo ukaisha 2 kwa 2. Kabla ya juma kwisha wenye klabu waliomba radhi wakaifuta bei ile. Mwaka huo huo ligi iliweka kanuni kwamba mgeni anayeifuata timu yake asitozwe zaidi ya pauni 30. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu 6 kubwa za Uingereza zilitangaza kwamba zitaingia katika ligi mpya ya matajiri wa Ulaya. Washabiki wao wenyewe walikasirika na kukusanyika mabarabarani, na baada ya siku mbili zote 6 zilikuwa zimejitoa.

Kwa nini waliogopwa? Jibu lilionekana mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ligi ilipoendelea tangu tarehe 17 Juni katika viwanja visivyo na watu. Mpira ulikuwa ule ule na wachezaji wale wale, lakini televisheni ililazimika kutia kelele za watu zilizorekodiwa zamani, maana mchezo bila sauti zao ulikuwa kama ngoma bila waitikiaji. Hapo ikajulikana kwamba mtu wa jukwaani ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Yeye hulipa ili aingie, kisha nyimbo zake na kelele zake zauzwa dunia nzima, wala hapewi senti. Lakini akitoka, bidhaa imeharibika. Hiyo ndiyo nguvu yake iliyobaki.

Jambo hili na sisi

Sasa nairudia ile kanuni ya Jumamosi. Mwingereza haruhusiwi kuuona sebuleni mwake mchezo wa saa 9 alasiri, ili klabu ndogo ya mji wake ipate watu. Lakini mchezo ule ule waonyeshwa kwetu! Kanuni yao huilinda timu ndogo ya Uingereza. Timu ndogo ya wilaya yetu haina wa kuilinda.

Likizo ya Desemba iliyopita nilihesabu kwa macho yangu. Timu ya mji wetu ilicheza Jumamosi saa 10 jioni, wakati mchezo wa kwanza wa Uingereza ulikuwa ukiendelea. Uwanjani tulikuwa watu wazima 43, na watoto. Katika kibanda cha mpira kilicho karibu na soko, chenye mabati na mabenchi na ubao wa chaki mlangoni unaotaja michezo ya siku, walikuwamo zaidi ya 200, na kila mmoja alilipa shilingi 1,000. Kofia iliyozungushwa uwanjani ilipata shilingi 38,000. Mtunza hazina wa timu aliniambia kwamba kukodi gari la kwenda kucheza ugenini ni shilingi 150,000, na kwamba wakikosa michezo miwili wataondolewa katika ligi ya wilaya. Kapteni wa timu ile ni fundi baiskeli. Hana kampuni ya setilaiti. Ana sisi tu.

Si nia yangu kukilaumu kibanda. Mwenye kibanda hutafuta riziki yake kwa haki, na furaha ya kutazama pamoja si ndogo. Wala sisemi tuache kuwapenda Arsenal au Liverpool. Ila tujue tulivyo: kwao sisi ni namba katika hesabu ya mkataba, na tukikosa kuja hawatajua. Nyumbani tukikosa kuja, kesho yake timu haina gari.

Kwa hiyo naona mambo matatu yawezekana. La kwanza, halmashauri ya wilaya ipange michezo yetu katika saa ambayo haigongani na ile ya Uingereza, mathalan Jumamosi saa 7 mchana au Jumapili baada ya ibada. La pili, wenye vibanda waombwe kutoa sehemu ndogo ya kiingilio cha Jumamosi kwa timu ya mji, kama zamani timu ngeni ilivyopewa sehemu yake kule Uingereza. Kwa watu 200, shilingi 100 tu za kila mmoja ni shilingi 20,000. La tatu latuhusu sisi na kaka zetu wenye mishahara: kabla ya kulipa shilingi 1,000 kutazama mji wa watu, tutoe shilingi 500 kutazama mji wetu.

Mcheza kwao hutuzwa, husema Waswahili. Lakini hakuna atuzwaye na uwanja mtupu. Watuzaji ni sisi, na msimu mpya wa ligi ya wilaya uko karibu kuanza.