Seva ya Linux Inapogoma Kujiunga na Active Directory

SWALI: Hotelini kwetu Mangapwani wafanyakazi wote wamo kwenye Active Directory ya Windows. Seva mpya ya Linux inagoma kujiunga. Nifanyeje?

JIBU: Anza na DNS: seva iulize mashine inayosimamia domeni, si ruta. Kisha tazama saa, maana Kerberos, itifaki ambayo Active Directory huitumia kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Ukiacha majira ya UTC ukarekebisha saa kwa mkono ilingane na ya ukutani, umekosea kwa saa 3. Weka majira ya Africa/Dar_es_Salaam, na programu ya chrony ichukue saa kutoka mashine hiyohiyo inayosimamia domeni. Sakinisha realmd na sssd, andika realm join na jina la domeni. Mwisho jaribu amri ya id kwa jina la mtumiaji pamoja na domeni. Ikijibu, kazi imekwisha.