Tusome Historia Yetu: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Katika mikutano yetu ya maendeleo tumezoea kuongea juu ya maji, mbuzi wa maziwa, mikorosho na karo za shule. Mtu akitaja historia, vijana hucheka: "Mambo ya kale hayo, yatatupa unga?" Swali hilo si baya, na linataka jibu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: huku kwetu Malindi na Kilifi, asiyejua historia anaweza kupoteza hata mahali pa kupanda mahindi ya huo unga. Tutazame mifano mitatu iliyotokea hapa hapa.

1. SHERIA YA 1908

Watu wengi wa pwani wanaitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa, na babu zao wamezikwa hapo hapo. Ilikuwaje? Wengine husema ni bahati mbaya, wengine husema ni uvivu wa wazee wetu. Kumbe kuna sababu, na ina mwaka.

Baada ya Waingereza kuanza kutawala mwaka 1895, ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, lakini wao ndio waliouendesha. Mwaka 1908 wakatoa Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda huo aliambiwa ayapeleke kwa maandishi katika muda uliowekwa. Ardhi isiyodaiwa ingekuwa ya serikali.

Waliokaa karibu na mji, wenye nyaraka na wanaojua njia za ofisi, walipeleka madai. Wamijikenda walio wengi hawakupeleka. Kwao ardhi ilikuwa ya ukoo, wala haikuwa na karatasi. Sheria nayo ilitafuta mtu mmoja mmoja mwenye karatasi. Basi mashamba yakaandikwa kwa majina ya wengine, au yakawa ya serikali, na mkulima aliyekuwa juu yake akabaki na jembe tu.

Anayejua haya hatalala akisikia wapimaji wa ardhi wamefika kijijini. Ataenda kuuliza: wanapima nini, kwa jina la nani, na mwisho wa kupeleka madai ni lini?

2. NG'AMBO YA MTO SABAKI

Mwaka 1913 Waingereza waliwataka Wagiriama watoe kodi na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Mama mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, akazunguka vijijini akiwaambia watu wasikubali. Watu wakakusanyika Kaya Fungo na kula kiapo. Mwezi Oktoba mwaka huo Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa mbali sana, Kisii. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi nyumbani kwa miguu. Hebu fikiria mwendo huo: kutoka karibu na Ziwa Victoria hadi Giriama!

Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, na waliokaa kaskazini ya mto Sabaki wakafukuzwa, nyumba na mashamba yao yakichomwa. Baada ya miaka michache serikali yenyewe iliona mpango huo haufai, watu wakaruhusiwa kurudi.

Sasa tuangalie lililofuata. Miaka ya mwisho ya 1970 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Australia, ilianzisha mradi mkubwa wa makazi huko Magarini, kaskazini ya mto huo huo. Nia ilikuwa njema: kukata mashamba, kuchimba visima, kufundisha kilimo, kila mtu apate hati. Lakini wataalamu waliitazama ramani na kuona kama nchi tupu iliyovamiwa na maskwota. Wenyeji waliona nchi ya baba zao, ambayo ilishachukuliwa mara moja wakairudia. Msitu ukafyekwa kwa mashine. Visima vingine vikatoa maji ya chumvi, na vingine havikutoa kitu. Mvua haikufuata mpango wa ofisini. Pesa nyingi zilitumika, na miaka ya mwisho ya 1980 wafadhili wakajitoa, mradi ukiwa haujafikia lengo lake.

Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo tulitie hili moyoni. Wazee wa hapo walijua mvua hukosekana mara ngapi, na kwa nini watu huwa na mashamba mahali zaidi ya pamoja. Hiyo nayo ni historia, ingawa haikuandikwa kitabuni. Mradi usiouliza yaliyotangulia hurudia kosa la zamani kwa trekta mpya.

3. VIGANGO VILIVYORUDI

Wagiriama huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki miti iliyochongwa, inayoitwa vigango. Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa kijiji akiwa karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda mrefu, vigango vikaibiwa. Miaka mingi baadaye vilionekana Marekani: kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Maelfu ya maili, miaka mingi, mwizi hajulikani. Nani angeamini maneno matupu? Lakini picha ilikuwepo, na jina la ukoo lilikuwepo. Vikarudishwa Kenya, na mwaka 2007 kigango kimoja kilipokelewa kijijini kwa sherehe. Vigango vingine vingi vilivyouzwa ng'ambo havijulikani ni vya nani, kwa sababu hakuna aliyeweka kumbukumbu. Tofauti ni picha moja tu!

MAANDIKO YANASEMAJE?

Someni Yoshua sura ya 4. Baada ya kuvuka Yordani, Waisraeli waliambiwa wachukue mawe 12 na kuyasimamisha, ili siku moja watoto waulize maana yake na wazazi wapate nafasi ya kueleza. Mungu alijua kwamba watoto wataona mawe tu kama hakuna wa kuwasimulia.

Tena someni Yeremia sura ya 32. Mji umezingirwa na adui, na Yeremia ananunua shamba. Hati inatiwa sahihi mbele ya mashahidi, kisha inawekwa ndani ya chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Nabii alikuwa na imani, lakini hakuacha kutunza karatasi.

TUISOME YOTE

Kuna hatari moja. Watu wengine husoma historia ili wapate wa kumchukia. Hiyo siyo faida yake. Majirani zetu Waislamu na Waswahili nao wana historia hapa, na ukuta wa Gedi unatuonyesha miji ya mawe iliyokuwepo karne nyingi kabla yetu sote. Makanisa nayo yaeleze yao bila kuficha. Misheni ya Rabai iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846 ilileta shule. Hata hivyo, wako Wakristo waliozilaani kaya bila kuuliza zinatunza nini. Leo misitu hiyo, kama Kaya Rabai na Kaya Fungo, inahifadhiwa, na mwaka 2008 kaya za Mijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Na utumwa uliokuwepo pwani yetu tusiufiche. Kijiji cha Fuladoyo kilianzishwa na watoro waliokimbia utumwa katika karne ya 19. Wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana wanaishi pamoja leo, na wengine ni ndugu wa kanisa moja. Ukweli ukisemwa kwa upole huponya, ukifichwa huoza.

TUFANYE NINI?

Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani. Sheria ya 2016 ikaweka muda wa miaka 5 wa kupeleka madai. Mmeona? Ni kama 1908: tarehe ya mwisho. Anayetaka kujua utaratibu ulivyo sasa aende mwenyewe ofisi ya Tume, asitegemee maneno ya sokoni. Na huku kijijini tufanye haya:

(a) Kila jumuiya ichague vijana wawili wa kuandika maneno ya wazee: nani alifika lini, mipaka ni ipi, nani aliuza na nani aliazimwa. Waandike na jina la msimulizi na tarehe. Simu ya mkononi inarekodi, itumieni.

(b) Andikeni alama za zamani: makaburi, visima, miembe na minazi ya kale, na aliyeipanda.

(c) Tunzeni karatasi: risiti za kodi, barua za chifu, vyeti vya ubatizo. Pigeni nakala, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Makuti hushika moto, na mchwa hawajui kusoma.

(d) Waulizeni akina mama pia. Mara nyingi wao ndio wanaokumbuka mwaka wa njaa na mtoto aliyezaliwa wakati huo.

(e) Wakitofautiana wazee wawili, andikeni maneno ya wote wawili. Msichague linalowapendeza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kijiji chetu kilianzaje? Nani kati yetu anajua majina ya vizazi vitatu vilivyotangulia?
2. Kuna mradi ulioshindwa hapa kwetu? Wenyeji waliulizwa nini kabla haujaanza?
3. Karatasi gani za familia ziko nyumbani, na nani anajua zilipo?
4. Ni jambo gani la zamani tunaogopa kulisema mbele ya majirani? Tunaweza kulisemaje kwa upendo?

Ndugu zetu, msingoje semina. Mzee akifariki, daftari lisiloandikwa huzikwa naye. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwendee mzee mmoja, aketi naye chini ya mwembe, amuulize, na aandike.